Uzito wa mkono wa tela: jinsi ya kuupima kabla ya kuvuta mashine nzito kwa pikapu

Katika miji mingi ya Marekani na Kanada, mafundi wa ujenzi na wakulima huanza siku kwa kupakia ekskaveta ndogo, jenereta au mashine ya kubebea udongo juu ya tela, kisha kulifunga tela hilo nyuma ya pikapu. Wengi huuliza kama gari lina nguvu ya kutosha kuvuta mzigo huo. Wachache huuliza ni kilo ngapi za mzigo zinazolalia nyuma ya gari lenyewe. Hata hivyo, jibu la swali hili la pili ndilo linaloamua kama tela litatulia barabarani au litaanza kuyumba pindi mwendo unapoongezeka.

Miongoni mwa Waswahili waliohamia Amerika ya Kaskazini, wapo wanaofanya kazi za ujenzi, utunzaji wa bustani na usafirishaji mdogo, na mashine za aina hii hukodishwa kwa siku moja pamoja na tela lake. Anayekodi huondoka na mzigo wenye uzito unaokaribia au kuzidi ule wa gari lake. Kwa mtu huyo, kupima ni kazi ya nusu saa inayoweza kuokoa maisha yake na ya watu wengine.

Maana ya uzito huo

Mkono wa tela ni chuma kirefu kinachotoka mbele ya tela na kuishia kwenye kikombe kinachofunika tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Sehemu kubwa ya uzito wa tela na mzigo wake hubebwa na magurudumu ya tela. Sehemu inayobaki hushuka kupitia mkono huo na kulikandamiza tufe. Sehemu hiyo ndiyo inayoitwa uzito wa mkono wa tela.

Watengenezaji wa magari na matela wa Amerika ya Kaskazini hupendekeza kwamba, kwa tela linalofungwa kwenye tufe la nyuma ya gari, uzito wa mkono uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela likiwa na mzigo. Kwa matela makubwa ambayo kiungo chake hukaa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, kiwango cha kawaida ni kati ya asilimia 15 na 25.

Viwango hivyo vina sababu. Mkono ukiwa mwepesi mno, maana yake ni kwamba kitovu cha uzito kimekaribia ekseli za tela au kimepita nyuma yake. Upepo wa ubavuni, lori linalopita kwa kasi au kona ya ghafla hutosha kulisukuma tela upande mmoja. Linaporudi huvuka mstari wake na kwenda upande wa pili. Kila mzunguko huweza kuwa mpana kuliko uliotangulia, hadi tela linaligeuza gari. Mkono ukiwa mzito mno, sehemu ya nyuma ya gari hushuka, magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito, usukani huwa mwepesi, breki za mbele hupoteza nguvu, na taa huwamulika usoni madereva wanaokuja.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa tela ambalo mpangilio wa uzito wake uliweza kubadilishwa. Uzito unaoshuka kwenye kiungo, mahali ilipo ekseli na jinsi shehena ilivyotawanywa vilionekana kuwa mambo makubwa katika utulivu wa tela kwenye mwendo wa kasi. Shehena iliyowekwa kwenye ncha mbili za tela huleta hatari zaidi kuliko ile iliyokusanywa katikati, hata kama uzito wa jumla ni uleule.

Nafasi ya salama ni ndogo

Mfano wa hesabu unaonyesha kwa nini kukadiria kwa macho hakutoshi. Tuseme tela tupu lina kilo 1,100 na mashine ina kilo 3,400. Jumla ni kilo 4,500. Asilimia 10 ya jumla hiyo ni kilo 450, na asilimia 15 ni kilo 675. Kwa hiyo tofauti kati ya kikomo cha chini na cha juu ni kilo 225.

Tuseme pia kwamba kutoka kwenye tufe hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 4. Mashine ya kilo 3,400 ikisogezwa mbele sentimita 10, uzito wa mkono huongezeka kwa kilo 85. Hesabu yake ni uzito wa mashine ukizidishwa kwa umbali iliosogezwa, kisha ukagawanywa kwa umbali kutoka tufe hadi ekseli. Kilo 225 zote za nafasi ya salama huishia katika sentimita 26 au 27 tu. Hiyo ni shibiri moja na vidole vichache. Dereva anayesimamisha mashine kwa kukisia anaweza kuikosa nafasi hiyo kwa urahisi, na kwa macho tela litaonekana limepakiwa vizuri.

Mambo madogo nayo huhesabika. Ndoo ya ziada ya ekskaveta yenye kilo 200 ikihamishwa mita 2 kutoka nyuma kwenda mbele, huongeza kilo 100 kwenye mkono. Ekskaveta iliyogeuzwa ili mkono wake wa kuchimbia uelekee nyuma haitoi kipimo sawa na ile iliyoelekezwa mbele, ingawa minyororo yake imekanyaga palepale.

Njia tatu za kupima

Kabla ya kupima kwa njia yoyote, tela lipakiwe kama litakavyosafiri, mashine ifungwe, na tela lisimame kwenye ardhi tambarare. Magurudumu yake yawekewe kabari mbele na nyuma. Kikombe kiwe katika urefu uleule kitakaokuwa nao kikiwa juu ya tufe, na pimamaji iwekwe juu ya fremu kuhakikisha kwamba tela halikuinama. Mtu yeyote asiingize mguu wala mkono chini ya chuma kinachoning'inia.

Njia ya kwanza ni mizani iliyotengenezwa kwa kazi hii. Nyingine ni mitungi mifupi yenye mafuta na saa ya kuonyesha kilo. Huwekwa chini ya kikombe na tela hushushwa juu yake. Nyingine zimejengwa ndani ya chuma kinachoshika tufe, hivyo dereva husoma kipimo akiwa amekwisha kuunganisha tela. Jambo la kuangalia ni kikomo cha mizani yenyewe: iliyotengenezwa kwa matela madogo ya mashua haifai kwa tela la kilo 4,500.

Njia ya pili hutumia mizani ya nyumbani ya kupimia watu. Mizani hiyo kwa kawaida huishia kilo 150 hivi, nayo ingevunjika ikiwekwa moja kwa moja chini ya tela la mashine. Kwa hiyo hutumiwa boriti imara kama wenzo. Ncha moja ya boriti huwekwa juu ya kipande cha bomba kilicholala kwenye gogo au matofali. Ncha ya pili huwekwa juu ya kipande kingine cha bomba kilicholala kwenye mizani. Gogo na mizani viwe na urefu sawa ili boriti ilale sawasawa. Kisha kigogo kifupi husimamishwa juu ya boriti, na kikombe cha tela hushushwa juu ya kigogo hicho kwa jeki hadi jeki iachane kabisa na ardhi.

Kigogo kikiwa sentimita 30 kutoka kwenye bomba la upande wa matofali na sentimita 60 kutoka kwenye bomba la upande wa mizani, mizani hubeba theluthi moja ya uzito. Kipimo kinachosomwa huzidishwa kwa 3. Kwa mashine nzito, umbali wa upande wa mizani huongezwa hadi sentimita 120. Hapo mizani hubeba sehemu moja tu kati ya tano, na kipimo huzidishwa kwa 5. Mizani ikisoma kilo 112, uzito wa mkono ni kilo 560. Uzito wa boriti na kigogo usomwe kwanza kabla ya kushusha tela, kisha utolewe kwenye kipimo cha mwisho. Boriti nyembamba isitumiwe, kwa kuwa ikivunjika tela zima litaanguka.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo inayofaa zaidi kwa mizigo mizito, ni mizani ya magari. Nchini Marekani na Kanada mizani hizo hupatikana kwenye vituo vikubwa vya mafuta vya malori, na hata kwenye maghala ya nafaka, machimbo ya kokoto na mahali pa kununulia vyuma chakavu. Kwanza pikapu hupimwa peke yake ikiwa na abiria, mafuta na vifaa vyake. Kisha hupimwa tena ikiwa imeunganishwa na tela, lakini kipimo cha magurudumu ya pikapu kisichanganywe na kile cha magurudumu ya tela. Kiasi kilichoongezeka kwenye pikapu ndicho uzito wa mkono.

Tuseme pikapu peke yake ina kilo 1,500 mbele na kilo 1,200 nyuma, yaani kilo 2,700. Ikiunganishwa na tela, mbele inasoma kilo 1,310 na nyuma kilo 1,950, yaani kilo 3,260. Ekseli za tela zinasoma kilo 3,940. Uzito wa mkono ni 3,260 kutoa 2,700, sawa na kilo 560. Uzito wote wa tela ni 3,940 kujumlisha 560, sawa na kilo 4,500. Kilo 560 ni zaidi kidogo ya asilimia 12, kwa hiyo mzigo umekaa mahali pake.

Hesabu hiyo inafunua jambo jingine. Ekseli ya nyuma ya pikapu imeongezewa kilo 750, si kilo 560. Hii ni kwa sababu tufe liko nyuma ya ekseli hiyo, na uzito unaolikandamiza huinua sehemu ya mbele ya gari. Kilo 190 zilizotoka mbele zimehamia nyuma. Mizani ya magari pekee, kati ya njia hizi tatu, ndiyo inayoonyesha jambo hilo.

Makosa yanayodanganya

Kosa la kwanza ni kuweka mizani chini ya jeki ya tela badala ya chini ya kikombe. Jeki iko karibu zaidi na ekseli, kwa hiyo husoma uzito mkubwa kuliko ule wa kweli. Katika mfano uliotajwa, jeki iliyo nusu mita nyuma ya kikombe itasoma kilo 457 ilhali uzito wa kweli kwenye tufe ni kilo 400. Dereva ataamini kwamba amevuka asilimia 10, kumbe yuko chini ya asilimia 9. Anayelazimika kupima kwenye jeki agawanye umbali kutoka jeki hadi ekseli kwa umbali kutoka kikombe hadi ekseli, na jibu hilo alizidishe kwa kipimo alichosoma.

Kosa la pili ni kupima tela likiwa limeinama, hasa lenye ekseli mbili. Kosa la tatu ni kupima huku zile fito za chuma za kusambaza uzito zikiwa zimekazwa. Fito hizo husukuma sehemu ya uzito kurudi kwenye ekseli ya mbele ya gari na kwenye ekseli za tela. Ni kifaa chenye manufaa, lakini hazirekebishi tela lililopakiwa vibaya. Zilegezwe wakati wa kupima, kisha zikazwe kabla ya safari.

Vibao vya kusomwa

Kipimo hakina maana bila kulinganishwa na uwezo wa kiungo na wa gari. Kwenye kiungo cha nyuma ya pikapu huwa na kibao chenye namba mbili: uzito wa juu wa tela, na uzito wa juu wa mkono. Wengi husoma ya kwanza tu. Kiungo kilichoandikwa ratili 10,000 na ratili 1,000 kinaruhusu tela la kilo 4,536, na tela la mfano wetu limo ndani ya kikomo hicho. Lakini ratili 1,000 ni kilo 454, na mkono wenye kilo 560 umekivuka kikomo cha pili kwa zaidi ya kilo 100. Kusogeza mashine nyuma ili namba ikubali kungeusukuma mkono hadi ukingoni mwa asilimia 10. Linalotakiwa ni kiungo chenye uwezo mkubwa zaidi, pamoja na gari linaloruhusiwa kukibeba.

Kibao cha pili kimo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kinataja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa pamoja, na uzito wa mkono wa tela huhesabiwa humo. Pikapu inayoruhusiwa kilo 900, ikibeba mkono wa kilo 560, watu wawili wenye kilo 160 na sanduku la vifaa la kilo 100, imebakiwa na kilo 80 tu. Uwezo wa ekseli ya nyuma nao husomwa papo hapo, kisha hulinganishwa na kipimo cha mizani.

Kupakia na kufunga

Hatari ya uzito wa mkono huanza kabla ya safari. Mashine inapopanda kutoka nyuma, uzito wake huwa nyuma ya ekseli za tela, na mkono huvutwa juu badala ya kukandamizwa chini. Mkono huo huinua sehemu ya nyuma ya pikapu, ambako ndiko breki ya mkono ya magari mengi hufanya kazi. Gari linaweza kuteleza huku mashine ikiwa katikati ya njia ya kupandia. Kwa sababu hiyo, miguu ya nyuma ya tela hushushwa au magogo huwekwa chini ya mkia wake, magurudumu yakawekewa kabari, na tela hubaki limeunganishwa na gari muda wote.

Baada ya kupima, mashine ifungwe isiweze kusogea hata kidogo. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinataka mashine ya magurudumu au minyororo yenye ratili 10,000 au zaidi ifungwe kwa vifungo visivyopungua vinne. Hata kwa mashine nyepesi zaidi, vifungo vinne vya pembeni ni desturi njema, kwa kuwa shibiri moja ya kusogea barabarani hufuta kazi yote ya kupima.

Tela likianza kuyumba licha ya tahadhari zote, dereva aachie taratibu kanyagio la mafuta, ashike usukani ukiwa umenyooka, na atumie kwa mkono breki za tela peke yake kama gari lina kidhibiti chake. Kukanyaga breki za gari kwa nguvu au kuongeza mwendo ili kulivuta tela linyooke huzidisha hatari. Baada ya kusimama mahali salama, mzigo usogezwe mbele na kupimwa upya.

Tofauti za nchi na nchi

Asilimia 10 hadi 15 si kanuni ya dunia nzima. Katika Ulaya uzito unaoruhusiwa kwenye kiungo cha magari mengi ya kawaida ni mdogo zaidi, na mwendo wa kuvuta tela nao umewekewa mipaka. Ujerumani kikomo cha kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na Uingereza ni maili 60, takriban kilomita 96, kwenye barabara kuu. Nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake. California imeweka maili 55, sawa na kilomita 88 hivi.

Katika Afrika Mashariki, pikapu nyingi zimetoka Thailand, Afrika Kusini na Japani, na vibao vyake huandikwa kwa kilo. Kiungo kilichoandikwa kilo 3,500 na kilo 350 hakiwezi kuvuta tela la mfano uliotolewa hapa. Mzigo huo ni wa lori. Ukubwa wa tufe nao uangaliwe. Tufe la Ulaya lina milimita 50, la Marekani la inchi 2 lina milimita 50.8, na matela mengi ya mashine nzito ya Marekani hutumia tufe la milimita 58.7. Kikombe kikubwa juu ya tufe dogo huweza kuonekana kimefunga, kisha kikachomoka kwenye tuta la kwanza.

Kwa anayesafirisha mashine ileile kwa tela lilelile kila wiki, hakuna haja ya kupima upya kila asubuhi. Mafundi wenye uzoefu hupima mara moja kwa uangalifu, kisha huchora mstari wa rangi kwenye sakafu ya tela mahali minyororo ya mashine iliposimama, na kuandika kando yake mkono wa kuchimbia ulielekea wapi na ndoo ilikuwa wapi. Mashine ikibadilika au kifaa kikiongezwa, mstari huo huacha kufaa, na mizani hutolewa tena.